Kabla Hujakata Tiketi ya Kwenda Kutibiwa India

Daktari akishatamka kwamba mgonjwa apelekwe India, ukoo mzima huanza kupiga hesabu. Nani ana kiwanja cha kuuza, nani ana ng'ombe, kundi la WhatsApp la michango lifunguliwe leo au lisubiri kikao cha Jumapili. Hesabu hiyo ina mahali pake, lakini haitakiwi kuwa ya kwanza. Kuna kazi ya wiki mbili tatu ya kukusanya karatasi na kuuliza maswali ambayo ikifanywa vizuri huokoa fedha, na mara nyingine huokoa uhai. Makala hii inakupitisha katika kazi hiyo hatua kwa hatua, hata kama hujawahi kushika pasipoti.

Kwanza, kwa nini India na si kwingine? Nchi hiyo haikuamka siku moja ikawa hospitali ya dunia. Mwaka 1983 Dk. Prathap C. Reddy alifungua hospitali ya Apollo mjini Chennai, na baada yake hospitali kubwa za makampuni zikaongezeka. Uchumi ulipolegezwa masharti mwaka 1991, mitaji na mashine za kisasa vikaingia kwa urahisi zaidi. Mwaka 2000 Dk. Devi Shetty alianzisha mjini Bengaluru hospitali ya moyo ambayo leo inaitwa Narayana, akishikilia kwamba hospitali ikipasua wagonjwa wengi kwa siku, gharama ya kila mmoja hushuka na mikono ya madaktari huzoea kazi. Dawa nazo zilikuwa nafuu: tangu sheria ya mwaka 1970 hadi 2005, viwanda vya India viliweza kutengeneza kwa njia zao wenyewe dawa zilizogunduliwa kwingine. Serikali ilipoona faida, sera yake ya afya ya mwaka 2002 ikahimiza matibabu ya wageni kama biashara ya kuingiza fedha za kigeni.

Matokeo yake yanaonekana uwanja wa ndege. Mwaka 2019 wageni karibu 700,000 waliingia India kwa matibabu. UVIKO-19 ukawashusha chini ya 200,000 mwaka 2020, na kufikia 2023 walikuwa wamepita tena 600,000. Wengi hutoka Bangladesh, nchi jirani, lakini Waafrika Mashariki na Waomani ni wateja wa miaka mingi, na baadhi ya hospitali kubwa za Delhi, Mumbai na Chennai zina wakalimani wa Kiswahili.

Swali la pili ndilo watu wengi huliruka: je, ni lazima uende? Tiba nyingi zilizokuwa zikipeleka watu nje sasa zinapatikana hapa kwetu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, inafanya upasuaji wa moyo kwa watoto na watu wazima. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Kenya wanapandikiza figo Nairobi na Eldoret. Hospitali ya King Faisal ya Kigali ilianza mwaka 2023. Kwa takwimu ambazo Muhimbili imekuwa ikizitoa, kupandikiza figo pale hugharimu kati ya shilingi milioni 20 na 30, wakati nje ya nchi gharama hufika milioni 80 hadi 100. Kwa hiyo muulize daktari wako maswali mawili na umwombe ayaandike majibu: tiba hii inafanyika wapi ndani ya Afrika Mashariki, na nikisubiri foleni ya hapa kwa mwezi mmoja au miwili, ugonjwa utazidi kiasi gani? Kuna magonjwa ambayo bado jibu lake ni safari, hasa baadhi ya saratani na upasuaji mgumu wa watoto. Lakini jibu hilo litoke kwa daktari bingwa wa ugonjwa wenyewe, lisitoke kwa shemeji aliyetibiwa goti.

Kuhusu nani atalipa, usijiaminishe. Usichukulie kwamba kadi yako ya bima inakufuata hadi Delhi, kwani vifurushi vingi huishia mpakani. Nenda ofisi ya bima yako, iwe ya taifa au ya binafsi, uombe jibu la maandishi. Kwa Tanzania, mgonjwa anayegharimiwa na serikali hupitia rufaa ya hospitali ya taifa na kibali cha Wizara ya Afya. Ukiondoka kwa hiari yako kisha ukadai kurudishiwa fedha, usitegemee kitu.

Ukishaamua kwenda, kusanya taarifa zako za hospitali. Unahitaji muhtasari wa daktari uliochapwa, majibu ya vipimo vya damu ya karibuni, orodha ya dawa unazotumia pamoja na dozi zake, na picha zenyewe za CT scan, MRI au ECHO kwenye CD au flashi. Karatasi ya maelezo peke yake haitoshi, kwa sababu daktari wa kule atataka kuiangalia picha kwa macho yake. Kama ni saratani, omba maabara ikupe pia kile kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa, ambacho huhifadhiwa kwenye nta, pamoja na vioo vyake. Vinaenea kwenye kiganja, na maabara ya India ikivipata huenda usichomwe sindano ya kukata nyama kwa mara ya pili. Wagonjwa wengi hawaambiwi kwamba wanaweza kuviomba.

Taarifa hizo zitume kwa barua pepe kwenye hospitali tatu, si moja. Karibu kila hospitali kubwa ya India ina dawati la wagonjwa wa kimataifa, na tathmini ya kwanza kwa kawaida ni bure. Hospitali zinazotajwa sana ni nyingi: Apollo ya Chennai, Medanta ya Gurugram, Narayana ya Bengaluru, Tata Memorial ya Mumbai kwa saratani, Sankara Nethralaya ya Chennai kwa macho, na hospitali ya misheni ya CMC iliyoko Vellore, ambayo ilianzishwa mwaka 1900 na haiendeshwi kwa faida. Angalia kama hospitali ina ithibati ya NABH, chombo cha India kinachokagua ubora wa hospitali, au JCI, ambacho ni cha kimataifa. Jina la daktari nalo unaweza kulitafuta bure kwenye daftari la madaktari la Tume ya Taifa ya Tiba ya India, lililoko mtandaoni.

Sasa tufike kwenye karatasi iliyo muhimu kuliko zote, makadirio ya gharama. Tuseme umepokea barua inayosema upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo, dola 6,500. Usifurahi bado. Soma mstari mmoja mmoja. Siku ngapi za kulazwa? Ngapi kati ya hizo ziko chumba cha wagonjwa mahututi na ngapi ziko wodini? Chumba ni cha mtu mmoja au cha kuchangia? Chini kabisa, kwa herufi ndogo, tafuta sehemu inayotaja yasiyohusika. Hapo ndipo utakuta damu, dawa za bei kubwa, vipimo vya kabla ya upasuaji, magonjwa mengine kama kisukari, na siku zitakazozidi. Kama mgonjwa ana kisukari au figo dhaifu na barua haijavitaja, waandikie uwaulize, kwa maana siku tatu za ziada chumba cha mahututi zinaweza kula akiba yote. Uliza pia kama kifaa kitakachowekwa mwilini, mfano goti la bandia au vali ya moyo, kimo ndani ya bei, na ni cha aina gani.

Ili upate pa kuanzia, bei ambazo wageni hutajiwa kwa kawaida ni dola 5,000 hadi 9,000 kwa kupandikiza mishipa ya moyo, dola 4,000 hadi 7,000 kwa goti moja la bandia, na dola 13,000 hadi 18,000 kwa figo. Mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji katika hospitali nyingi, na hilo si wizi ilimradi limeandikwa tangu mwanzo. Juu ya makadirio, mimi hushauri familia iongeze theluthi moja ya dharura. Kisha ongeza nauli na malazi. Vyumba vya kawaida vya nyumba za wageni karibu na hospitali huanzia rupia elfu moja na kitu kwa usiku, na dola moja ni zaidi ya rupia 80. Tafuta chenye jiko. Mgonjwa anayetapika kwa sababu ya viungo vya kule atapona polepole, na pishi lenu wenyewe la uji na ugali litapunguza gharama sana kama mtakaa wiki sita.

Na wakala je? Huyu ni mtu anayekutafutia hospitali, viza na gari la kukupokea. Wapo wanaofanya kazi nzuri, na kwa familia isiyojua Kiingereza msaada wao ni wa kweli. Lakini elewa anavyolipwa: hospitali nyingi za binafsi humpa kamisheni kwa kila mgonjwa anayemleta. Maana yake ushauri wake una mwelekeo, hata akiwa mcha Mungu. Mwombe akuoneshe makadirio kutoka hospitali zaidi ya moja, yakiwa na nembo na jina la daktari, kisha wewe mwenyewe uandike barua pepe kwenye anwani iliyo katika tovuti ya hospitali uulize kama ni yao. Ukiona anakataa kutaja daktari, anapeleka kila ugonjwa hospitali ileile, anataka fedha zote ziingie akaunti yake binafsi, au anataka kukaa na pasipoti yako, achana naye siku hiyohiyo.

Hospitali ikikubali, itakutumia barua ya mwaliko kwa ajili ya viza. Pasipoti iwe imebakiza angalau miezi sita na kurasa mbili tupu. Kwa Tanzania pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Omba viza ya matibabu, usiingie kwa viza ya utalii eti kwa sababu ni rahisi, kwani hospitali inaweza kukukatalia tiba kubwa na uhamiaji wakakusumbua. Watanzania, Wakenya, Waganda, Wanyarwanda na Warundi wanaweza kuomba viza ya mtandaoni kupitia tovuti ya serikali ya India, indianvisaonline.gov.in. Ziko tovuti nyingi zinazofanana nayo na zinazotoza zaidi, kwa hiyo hakikisha anwani inaishia na gov.in. Viza hiyo ya matibabu ya mtandaoni hukupa siku 60 tangu unapofika na kuruhusu kuingia mara tatu, na wasindikizaji wasiozidi wawili huomba viza yao iliyofungamana na ya mgonjwa. Kama tiba itachukua miezi mingi, omba viza ya kawaida ya matibabu ubalozini. Ikiwa viza hiyo ya ubalozini inazidi siku 180, kajiandikishe kwa ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14 tangu kufika. Siku hizi hata hilo hufanyika mtandaoni.

Msindikizaji achaguliwe kwa kichwa chake, si kwa ukubwa wake katika ukoo. Awe na nguvu za kukesha, aweze kusoma bili, na asiogope kumuuliza daktari.

Chanjo ya homa ya manjano isisahaulike. India ina orodha ya nchi ambazo wasafiri wake lazima waje na kadi ya njano, na nchi kadhaa za ukanda wetu, Kenya na Uganda zikiwemo, zimo. Hata kama nchi yako haimo, ukipitia nchi iliyomo unaweza kudaiwa. Chanja angalau siku 10 kabla ya kuingia India, kwa sababu kadi huanza kutambulika baada ya siku hizo, na ukishachanjwa inatosha maisha yote. Asiye na kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Lakini chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mgonjwa wa saratani anayetumia dawa kali, au mtu mwenye kinga dhaifu, asichanjwe kabla ya kuongea na daktari wake. Kama hafai kuchanjwa, apewe cheti cha msamaha wa kitabibu, na ubalozi uulizwe mapema kama cheti hicho kitakubaliwa.

Kwa wanaokwenda kupandikizwa figo, naomba msome hapa kwa utulivu. Sheria ya India ya mwaka 1994, iliyorekebishwa 2011, inafanya kununua au kuuza kiungo cha mwili kuwa kosa la jinai, na adhabu ni kifungo cha miaka mitano hadi kumi pamoja na faini kubwa. Mtu akikuambia atakutafutia figo kulekule, anakuingiza jela. Mwindia hawezi kumtolea mgeni kiungo akiwa hai, isipokuwa kama ni ndugu wa karibu. Kwa hiyo mtoaji hutoka nyumbani pamoja nawe. Ndugu wa karibu kisheria ni mume au mke, wazazi, watoto, kaka na dada, babu na bibi, na wajukuu. Binamu hayumo, shangazi hayumo, mtoto wa baba mdogo hayumo, ingawa kwetu huyo ni ndugu kabisa. Anayetoka nje ya orodha hiyo atachunguzwa kwa undani zaidi na kamati inayoidhinisha upandikizaji, na anaweza kukataliwa mkiwa tayari mmelipia nauli. Undugu lazima uthibitishwe na ubalozi wa nchi yenu kwa fomu maalumu. Bebeni vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, vitambulisho na picha za familia za miaka ya nyuma: harusi, ubatizo, maulidi, mahafali. Wanakamati huziangalia kweli. Na kabla ya hayo yote, mtoaji apimwe damu na tishu hapa nyumbani, ili isije ikagundulika Delhi kwamba hawezi kutoa.

Fedha zisiende mfukoni. Lipa hospitali moja kwa moja kwa benki, kwenye akaunti yenye jina la hospitali, na ubaki na risiti. Ukibeba noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, au jumla ya zaidi ya dola 10,000 ukihesabu na hundi za wasafiri, lazima uzitangaze forodhani unapoingia India. Kwa wanaochangisha, fungueni akaunti yenye watia saini wawili, na barua ya makadirio iwekwe kundini ili kila aliyechanga aione. Hilo huzima maneno mengi.

Ukifika, usiruhusu upasuaji siku ya kwanza isipokuwa ni dharura. Vipimo vitarudiwa, na mara nyingine mpango hubadilika. Ukibadilika, omba makadirio mapya kabla ya kusaini. Kila jioni msindikizaji apite kaunta ya malipo aombe bili ya siku hiyo. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya India iliandaa hati ya haki za wagonjwa, na ndani yake zimo haki ya kuelezwa ugonjwa wako kwa lugha unayoielewa, haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine, haki ya kupata nakala za kumbukumbu zako, na haki ya kununua dawa katika duka lolote. Hospitali zenye msimamo huziheshimu. Namba ya dharura nchini humo ni 112.

Siku ya kuruhusiwa, wengi huwa na haraka ya kwenda kununua vitenge na dhahabu. Kaa kwanza na daktari. Dai muhtasari wa matibabu wenye saini, picha zote, kadi ya kifaa kilichowekwa mwilini kama kipo, na orodha ya dawa kwa majina yake ya kitaalamu, maana jina la kibiashara la India huenda lisijulikane kwa mfamasia wa Morogoro. Uliza ni lini unaweza kupanda ndege. Kukaa saa nyingi bila kusogea baada ya upasuaji kunaweza kugandisha damu miguuni, na mashirika ya ndege yanaweza kudai cheti cha daktari kwamba unafaa kusafiri. Kama utahitaji oksijeni au kiti cha magurudumu, liarifu shirika siku kadhaa kabla.

Kuna jambo ambalo familia hukwepa kulisema. Mgonjwa anaweza kufia ugenini. Kurudisha mwili kunahitaji cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhi mwili, idhini ya ubalozi na vibali vya mamlaka za India, na gharama yake ni maelfu kadhaa ya dola. Andikeni mapema namba za ubalozi wenu ulioko New Delhi, na mkubaliane nyumbani, kabla ya safari, kama atazikwa kule au atarudishwa.

Ukirudi salama, nenda kwa daktari wako wa hapa ndani ya wiki ya kwanza. Mweleze kwamba ulilazwa nje, hata kama umeenda kwa kikohozi tu. Hospitali za India, kama za nchi nyingine nyingi, zina vijidudu sugu visivyosikia dawa za kawaida, na daktari akijua atachagua vipimo sahihi na kuwakinga wagonjwa wengine wodini. Aliyepandikizwa figo atameza dawa za kuzuia mwili kuikataa kila siku maisha yake yote, kwa hiyo ni lazima ajue, kabla hata hajaondoka, dawa hizo zitapatikana wapi na kwa shilingi ngapi kwa mwezi.

Na ukishapata nafuu, usizifungie bili zako kabatini. Futa namba za pasipoti, kisha umwoneshe mgonjwa anayefuata mtaani kwako ulitajiwa kiasi gani na ulilipa kiasi gani hasa. Bei halisi ndiyo taarifa ngumu kuliko zote kuipata katika safari hizi, na ninyi mliokwenda mkarudi ndio mnaoijua.